Nyumba ya Kuchajia Usingizi

Mjini walimwita Sukari, na sababu ilikuwa ulimi wake. Aliwahi kumuuzia kinyozi mashine ya kunyolea inayotumia mwanga wa mbalamwezi, na kinyozi akamshukuru. Aliwahi kuwakodishia wauza viatu kivuli cha jengo la posta, kila mmoja kipande chake, na jua lilipohama akawaambia wakamdai jua. Mtu wa namna hiyo ungetegemea alale usingizi wa pono. Thubutu. Kwa miaka sasa Sukari alikuwa hapati lepe la usingizi, na asubuhi aliyoingia zahanati macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi.

Tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Kukesha kwenyewe angeweza kuvumilia, lakini kazi ilikuwa imeanza kuharibika. Juma lililopita alijitambulisha kwa mfanyabiashara mmoja kwa majina mawili tofauti ndani ya sentensi moja. Siku nyingine alisimama katikati ya barabara, magari yanampigia honi, akashindwa kukumbuka alikuwa anamtapeli nani. Moyo ulimwenda mbio bila sababu. Usiku alipojilaza, alihisi kichwa chake kinaanza kumtoka, na kichwa ndicho kilichokuwa duka lake, stoo yake na mtaji wake.

Akakaa benchi moja na wenzake wa macho mekundu. Mbele yao nesi mwenye sauti nzito alikuwa anatoa somo.

"Usingizi na akili vinakaa nyumba moja," alisema nesi. "Kimoja kikiugua, kingine hakipumziki. Mwenye wasiwasi halali, na asiyelala anazidi kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo amka saa ileile kila siku. Mchana usilale. Usingizi ukikataa kuja, toka kitandani, usipigane nao. Na lililo moyoni mwako mwambie mtu. Mshauri wetu yuko mlango ule wa bluu."

Wagonjwa waliutazama mlango wa bluu. Hakuna aliyeinuka.

"Kidonge hakuna?" aliuliza mama mmoja mwenye bangili zilizopanda karibu na kiwiko. Alikuwa na nyumba za kupangisha, na kwa hiyo watu walimwita Mama Vyumba.

"Tuanze na mazungumzo, mama."

"Nimepanda gari mbili kuja kuambiwa niongee?"

"Mimi nilitegemea angalau sindano," alisema mzee aliyekaa pembeni yake, mwalimu mkuu aliyestaafu kila kitu isipokuwa kalamu ya mfukoni. "Ugonjwa usio na sindano ni ugonjwa gani?"

Wakati huo lori la maji lilikuwa linarudi nyuma getini. Mlinzi wa zahanati alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kofia usoni, mdomo wazi, akikoroma. Lori likamsogelea mpaka karibu limguse magoti. Dereva akapiga honi, utingo akapiga bodi, mlinzi akaendelea kukoroma. Benchi zima liligeuka kumtazama, na Mama Vyumba akameza mate.

"Tazama," alinong'ona. "Wengine wanao mpaka unamwagika."

Mtu mwingine angeona pale mlinzi mzembe. Sukari aliona kisima.

Saa ya chakula alimfuata mlinzi. "Ndugu yangu, hapa umeajiriwa usilale, na unalala. Siku yoyote watakufukuza. Kwangu utaajiriwa ulale, na utalala. Umeshawahi kupata kazi inayokupenda namna hiyo?"

Mlinzi alifikiri kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho. "Likizo ipo?"

"Ipo. Siku za likizo unakaa macho."

"Haya, bosi," akasema mlinzi.

Mama Vyumba ndiye aliyetoa chumba, bure, kwa ahadi ya kuhudumiwa kwanza. Sukari akanunua mabonge ya uzi wa sufu mwekundu na mikeka ya plastiki, akaazima koti jeupe kwa muuza nyama, na alipolivaa wenzake wa benchi wakaanza kumwita daktari. Kitanda cha mlinzi akakiinua juu ya matofali, kwa sababu, kama alivyoeleza kwa uso wa mtu anayesoma wosia, usingizi una uzito na kawaida yake ni kuteremka. Chini yake ikatandikwa mikeka. Kutoka kidole gumba cha mguu wa mlinzi nyuzi zilikwenda kwenye kidole gumba cha kila mgonjwa.

"Mnachaji," aliwaambia. "Mchana mnachaji hapa, usiku mnatumia kwenu. Simu mnazichaji, nyinyi mmejifanyia nini?"

"Lakini daktari," alisema Mwalimu, kalamu juu, "kisayansi, usingizi unapitaje kwenye uzi?"

"Mwalimu wangu, umeme unapitaje kwenye waya?"

Mwalimu, ambaye alifundisha historia maisha yake yote, alikiri kwamba swali hilo lilikuwa la haki.

Na hapa ndipo pa ajabu: dawa ilifanya kazi. Si kwa uzi, maana ule uzi ungefaa zaidi kwa soksi za mtoto. Ila watu wazima wakilazwa chini bila simu, bila kazi, wamefungwa vidole kama mbuzi wa mnadani, watafanya nini? Wakaanza kuongea. Walinong'ona ili wasimwamshe mlinzi, na jambo linalosemwa kwa kunong'ona huwa halichelewi kufika kwenye moyo. Mwalimu alimwambia Mama Vyumba kwamba tangu astaafu anaamka usiku akisikia kengele ya shule, anavaa viatu, halafu anakumbuka hakuna anayemsubiri. Mama Vyumba alimwambia Mwalimu kwamba ana vyumba vingi na vyote vina watu, isipokuwa kile anacholala yeye. Walirudi makwao wepesi, wakalala, na kesho yake wakaleta mashemeji.

Mkoba wa Sukari ukanenepa. Aliuficha chini ya kitanda cha mlinzi, maana mahali gani salama kuliko chini ya mtu asiyeamka?

Malalamiko yalikuwepo, kazi gani haina malalamiko. Mama Vyumba alikuja siku moja amekunja uso.

"Daktari, usiku nimeota nafungua geti. Usiku kucha nafungua geti, magari yanapita, wala hayanisalimu."

"Mimi nimemsimamisha mke wangu mlangoni nikamwomba kitambulisho," alisema Mwalimu. "Hataki kuongea na mimi mpaka sasa."

"Ni masalia ya mwenye usingizi," alisema Sukari bila kupepesa. "Mkinunua nyumba mnakuta misumari ya aliyehama. Yatakwisha."

Waliridhika. Lakini mganga hajigangi. Mji mzima ulipokuwa unalala kwa nyuzi zake, yeye alikaa mlangoni na macho makavu, moyo ukimdunda. Na siku moja, wagonjwa walipokwisha kuondoka, Sukari alifanya jambo ambalo tapeli yeyote mwenye kujiheshimu angelificha hata kwa mama yake mzazi. Alifunga mlango, akavua soksi, akajifunga uzi.

Aliujua ule uzi. Aliununua mwenyewe, tena kwa kupunguziwa bei. Hata hivyo alilala chali kwenye mkeka wa Mama Vyumba, akasubiri usingizi uteremke. Haukuteremka. Akakaza fundo. Akahamia mkeka wa Mwalimu, labda uzi wake ulikuwa mzima zaidi. Mwisho akakasirika kama mteja aliyedhulumiwa.

"Umewapa wote mpaka hata tone la kunibakizia huna," alimwambia mlinzi aliyekuwa anakoroma juu. Na kwa kuwa hakuna anayemwonea haya mtu aliyelala, akaendelea. "Unajua nikijilaza inakuwaje? Wanakuja wote niliowatapeli, kila mtu ananiita kwa jina nililompa. Majina chungu nzima. Nabaki najiuliza, kati ya hawa wote, anayetakiwa kulala ni yupi? Naogopa, ndugu yangu. Nitakuja kuokota makopo mimi."

Mlinzi alikoroma kwa upole. Sukari alilia kidogo, akavaa soksi, akaenda zake. Kesho yake akarudi akasema mengine, na kesho kutwa vilevile. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo moyo wake ulitulia, lakini hakuhesabu hilo kuwa dawa, kwa sababu halikuwa na uzi.

Basi siku ya kikao kikubwa ikafika. Watu walijaa kibarazani, wamelipa kabla, na Mama Vyumba alikuwa ameleta feni ya kusukuma usingizi upande wa wazee. Ndani, Sukari alimkuta mlinzi amekaa kitandani, macho yamefunguka. Hakuwahi kuyaona. Yalikuwa mekundu kuliko yake.

"Lala, watu wanaingia."

"Siwezi, bosi. Nesi amenikataza kulala mchana."

"Nesi gani?"

"Wa zahanati. Siku zangu za likizo naenda mlango wa bluu." Mlinzi alikuna goti. "Bosi, mimi silali. Sijalala vizuri tangu mke wangu afariki. Nafumba macho tu. Ukifumba macho, watu wanapita. Ukiyafungua wanakuuliza, pole, unaendeleaje, na mimi jibu sina."

"Lakini lori lilikaribia kukukanyaga."

"Nililisikia. Nilikuwa najiuliza kama linanihusu."

Sukari alikaa chini kwenye mkeka. Nyumba nzima ya usingizi, na ndani yake hakukuwa na hata mtu mmoja mwenye bidhaa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu jambo jingine likamfikia, na kicheko kikakauka.

"Kwa hiyo ulinisikia. Siku zote zile."

"Nilikusikia."

Nje Mama Vyumba akagonga. "Daktari, watu wanachoka kusubiri."

"Lala wewe," alisema mlinzi. "Nipe koti. Kofia yangu weka usoni, hawatajua. Wanaangalia kidole tu."

"Sijui kulala."

"Nani kasema ulale? Jifanye. Hiyo si kazi yako? Acha taya lianguke. Pumua kama mtu anayebeba gunia bila haraka. Na usiutafute usingizi, ukija ufukuze. Utaharibu maonyesho."

Kujifanya! Hapo Sukari alipanda kitandani kwa moyo wa fundi anayerudishiwa nyundo yake. Alikuwa amejifanya mhandisi, mjane, balozi na pacha wa mtu. Aliyelala ni nani hata amshinde? Alilegeza taya. Alikoroma mkoromo wa kwanza, akauona mwembamba, akaupa uzito. Alisikia vidole vikifungwa, alisikia Mama Vyumba akisema, "Leo anakoroma vizuri zaidi," akaona fahari. Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua: usingizi ulikuwa unakuja. Aliufukuza kama alivyoagizwa. Ukarudi. Akaufukuza tena, kwa adabu kidogo.

Aliamka jua la asubuhi limempiga usoni, na hakujua ni asubuhi ya lini.

Mikeka haikuwepo. Nyuzi hazikuwepo, wala feni, wala pazia, wala viatu vyake. Aliinama akatazama chini ya kitanda. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, na Sukari alikuwa anatazama mashaka yenyewe, ya mraba, yenye vumbi pembeni na sakafu safi pale mkoba ulipokuwa umekaa.

Mama Vyumba alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Umeamka, mwanangu. Tulianza kuogopa."

"Mlinzi yuko wapi?"

"Ameondoka jana usiku, mabasi yakiwa yameshakwisha. Alituambia yote kwanza, kwamba uzi ni uzi na yeye halali. Mwalimu akauliza, kwa hiyo siku zote hizi tumelala kwa usingizi wa nani? Tukatazamana. Basi tumekubaliana tutakuwa tunakutana kibarazani kwangu, tunaongea bila kufungwa miguu. Na nesi atakuja."

"Na mkoba wangu?"

"Aliutoa kule chini taratibu sana, maana ulikuwa umelala. Akasema nesi amemshauri abadilishe mazingira. Kituo cha mabasi, tena kwa miguu, mkoba ulikuwa unamwelemea." Mama Vyumba alipuliza kikombe chake. "Feni nimeichukua mimi, ilikuwa inakupiga baridi. Mikeka na viatu ni Mwalimu. Alivua vyake kabisa asikuamshe, akaondoka na jozi mbili mkononi. Kila mtu alinyata. Kuna mmoja aliangusha ndoo, tukamfokea."

Sukari alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu ikigusa sakafu ya baridi. Alijipapasa akitafuta hasira, na aliamini iko mahali fulani. Moyo ulikuwa unapiga polepole. Kichwa kilikuwa chepesi, na ndani yake hakuna aliyekuwa anamwita.

"Basi la kwanza linaondoka karibuni," alisema Mama Vyumba. "Ukikimbia utamkuta. Humfuati?"

Sukari aliutazama mlango, akautazama mto uliokuwa bado na joto.

"Nitamfuata, mama," akasema, akivuta shuka na kugeukia ukutani. "Nikiamka."