Kisichoguswa Hubaki Kilivyo

Jumapili, 3 Agosti 1969

Itangazwe kwa wote wakaao chini ya jua, tangu Soitsambu hadi Mbulu, kwamba leo mimi Felisiani, dobi wa hoteli ya ukingoni mwa kreta, nimenunua daftari. Lina mistari.

Humu naiandika Kanuni. Niliipata kwenye karatasi alizosahau mgeni mmoja ndani ya kapu la nguo chafu. Mwalimu wa chuo huko Marekani, anafundisha mashine kufikiri kabla ya kutenda. Nimezisoma kwa kamusi miezi minne. Mambo yalivyo sasa hivi ni Hali. Tendo huleta Hali mpya. Kisichofanyiwa Tendo hubaki kilivyo. Basi! Ukurasa wa tisa unaishia na neno "Lakini". Wa kumi haukuwemo kapuni. Hauhitajiki.

Faida yake? Antonia. Siku ya Pasaka, nje ya kanisa la Daa, nilimwuliza kama nikimleta mshenga kwa baba yake atakubali. Akasema, "Haya, mlete." Hiyo ni Hali: Antonia amekubali. Tangu hapo sijamleta mshenga, sijamsalimia, nikimwona njiani nakatiza mashambani kwa watu. Tendo moja la ovyo laweza kuharibu Hali nzuri. Mjinga angekwenda kwao kila wiki.

Dada yangu Lukresia anasema hata uji usipoguswa huganda. Nimeandika: isipokuwa uji.

Jumapili, 10 Agosti

Fedheha! Katekista kasoma matangazo ya ndoa, mara ya kwanza kati ya tatu: Wilibrodi, dereva wa trekta, na Antonia binti Sylvesta. Akaongeza kama kawaida kwamba mwenye kujua kizuizi amwone Padre. Watu wote wakageuka kunitazama. Hapana, walikuwa wakimtazama Wilibrodi nyuma yangu. Kavaa tai. Tai! Mtu asiyejua kamusi inafunguliwa upande gani!

Nimekagua daftari. Hakuna Tendo lililoandikwa. Kwa hiyo tangazo limekosewa.

Jumatano, 13 Agosti

Naandaa kizuizi. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Padre anaweza kusema dunia haikusimama tangu Pasaka. Kweli. Basi sharti nichukue kila lililotokea, moja moja, nithibitishe kwamba halikumgeuza Antonia. Mvua ya masika ilinyesha. Antonia bado amekubali. Ng'ombe wa Mzee Sylvesta alizaa. Antonia bado amekubali. Tembo waliingia kwenye mahindi; bado amekubali. Watu wawili walitua mwezini, bado. Kurasa kumi na moja, na kuku sijawafikia.

Nikiwa kwenye tembo, shuka za vyumba sita zimelala majini tangu asubuhi. Msimamizi kaniuliza kama tembo ndio watakaozisuuza. Mtu asiye na elimu!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeshuka nyumbani Daa. Lukresia anasema Wilibrodi aliezeka upya zizi la Mzee Sylvesta mwezi wa Juni, na mshenga wake alifika mara tatu na pombe ya asali. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kasema aliniambia, nikamfukuza kwa sababu anaharibu Hali. Uchochezi mtupu!

Jumamosi, 16 Agosti

Padre kavaa miwani, kasoma kurasa mbili na nusu kati ya kumi na nne. Akauliza kama Antonia ni ndugu yangu. Hapana. Kama ana mume. Hapana. Kama analazimishwa. Sijui. Na mimi tangu Pasaka nimefanya nini? Nikajibu kwa fahari: hakuna, Baba.

Badala ya kukigongea mhuri kizuizi changu, kamwita Antonia mwenyewe! Alikuwa uani anachambua maharage ya parokia. Si haki kuleta shahidi katikati ya hoja. Nikasimama na daftari langu kama mwuza kalenda.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. "Kaka Felisiani," kasema, "nilikuambia umlete. Nikafagia uwanja Jumamosi tano. Baba akawa ananiuliza, huyo mshenga wako anatoka Ulaya? Halafu nikakuona unakatiza kwenye maharage yetu umeinama kama mwizi. Nikajua umenikimbia."

Nikamweleza kwamba nilikuwa naitunza Hali. Nikampa ukurasa wa tembo. Akausoma wote, taratibu, midomo ikimcheza. Akanirudishia.

"Mimi si jiwe la mpaka, kaka. Jiwe ndilo unaloliacha ukalikuta palepale."

Akarudi kwenye maharage yake.

Napinga! Kusubiri hakumo katika orodha ya Matendo. Mtu anabadilikaje kwa kukaa tu? Padre kasema niende na amani. Mhuri hakugonga, ingawa nimezichana kurasa zote kumi na nne nikamwachia.

Jumapili, 24 Agosti

Tangazo la tatu. Katekista kasema hakuna aliyeleta kizuizi. Hakuna! Na kurasa zangu kumi na nne nimeziona kwa macho yangu dirishani kwa Padre, juu yake kikombe cha chai!

Hata hivyo Kanuni iko salama. Kosa lilikuwa la orodha tu. Nimeongeza kusubiri, nimeongeza kuezeka, nimeongeza pombe ya asali. Sasa imekamilika. Tena haikukawia kuzaa: baada ya misa Cresensia, binti wa fundi cherehani, kanipa mkono, kacheka, kasema nipite kwao siku moja ninywe maziwa. Hali hiyo! Nimeiandika papo hapo, mbele yake, pamoja na saa ilipotokea. Nikaondoka kwa njia ya bondeni nisiivuruge. Kwao sikanyagi kabla ya Krismasi, na nikimwona sokoni nitajifanya kipofu.

Nilipomsimulia Lukresia, aliketi chini akajifunika kanga usoni.

Harusi ni Jumamosi. Gauni la Antonia limeletwa kwangu nilipige pasi.