Maoni ya Kweli kwa Kipande cha Kwanza

Wendell Crabtree aliiona riziki yake mkahawani, Nashville ya mashariki, akiwa na kikombe kimoja cha kahawa alichokinyonya tangu saa tatu asubuhi. Meza ya jirani, kijana mmoja alivua vipokea sauti, akamvisha mhudumu na kumsihi, "Nisikilizie tu kipande changu, kaka. Nataka kukituma maktaba." Mhudumu akasikiliza nusu dakika, akasema kizuri, kisha akatoa simu yake ili naye asikilizwe.

Maktaba hizo si za vitabu. Ni kampuni zinazoweka akiba ya muziki usio na maneno, ule unaopita chini ya matangazo ya magodoro na vipindi vya mapishi, na kuukodisha kwa watu wa televisheni. Mji mzima ulikuwa unapiga muziki na hakuna aliyekuwa anasikiliza. Wendell, ambaye Mungu alimpunja masikio akamfidia mdomo, alifungua ukurasa mtandaoni siku hiyohiyo: maoni ya kweli kwa kipande chako cha kwanza, dola arobaini.

Hakusikiliza hata kimoja. Alikaa na kila kipande siku tatu, maana maoni ya haraka hayana heshima, kisha akatuma barua ileile: mwanzo ni mrefu, besi imefunika gitaa, na mwisho usififie bali ukate, ili mhariri wa tangazo apate pa kupitisha mkasi. Balaa ni kwamba ilikuwa kweli kwa karibu kila mtu. Watu walimshukuru kwa machozi. Nadhani ndiye mwizi pekee wa Tennessee aliyekuwa akiombewa na aliowaibia.

Ndipo akapigiwa simu na Bi Lurleen Stubblefield wa Murfreesboro, mpiga kinanda mstaafu wa kanisa, ambaye naye alikuwa amelipa na kutuma.

"Maoni nimeyapata, mwanangu. Ila nilikosea kutuma. Ile ilikuwa sauti ya friji yangu."

Wendell akajibu palepale. "Basi besi ya friji, mama, imefunika gitaa."

"Hakuna gitaa humo."

"Si ndiyo nasema imefunikwa?"

Bi Lurleen alicheka mpaka akakohoa. "Una mdomo wewe! Hebu na mimi nisikie cha kwako, bingwa."

Wendell alikuwa nacho, kweli. Alikuwa nacho kwa miaka minane, dakika nne na nusu, chenye filimbi, na hakuna kiumbe aliyewahi kukisikia, hata mke aliyemwacha. Aliogopa. Aliweza kuwapunja watu mia bila kukosa usingizi, lakini mtu mmoja kumwambia kipande chake ni kibaya, hilo lingemlaza kitandani wiki. Kinyozi hajinyoi. Hata hivyo mama yule alikuwa amecheka kwa wema, naye akakituma kabla woga haujamrudia.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu, na Wendell akaiona hiyo kuwa heshima.

"Mwanzo ni mrefu," alisema Bi Lurleen. "Besi imefunika gitaa. Na mwisho..."

"Usififie," Wendell akamalizia kwa unyonge.

"Na hiyo filimbi, nani kakutuma?"

"Ilinijia tu, mama."

"Iambie irudi ilikotoka."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliwasha kompyuta, akakata, akafuta, akashusha besi, na kilichobaki kilikuwa na dakika moja na nusu. Alipokisikiliza nywele zilimsimama. Hakujua kwamba alikuwa na kitu kizuri namna hiyo chini ya takataka zote zile.

"Sasa hiki ni kipande," alisema Bi Lurleen. "Kuna maktaba naijua inatafuta kama hiki. Nakuletea mkataba."

Mkataba ulikuwa na kurasa tisa. Wendell alisoma mstari mmoja, palipoandikwa "mtunzi mwenye kipaji cha pekee", akautia sahihi kwa kidole kwenye simu huku amesimama foleni ya kuku wa pilipili.

Miezi miwili baadaye, akisubiri gari lake kwa fundi wa matairi, televisheni ya ukutani ikatoa tangazo la chakula cha mbwa. Wendell akaruka kutoka kitini. "Huyo ni mimi!" Wateja wakamtazama mbwa, kisha wakamtazama yeye.

Alimpigia Bi Lurleen hapohapo. "Mama, nimekisikia! Sasa malipo yangu..."

"Ukurasa wa saba, mwanangu. Umeuza kila kitu, milele, kwa dola arobaini. Zimeshaingia."

"Maktaba gani hiyo ya majambazi?"

"Yangu. Naiendesha mwaka wa ishirini na mbili huu. Waliponijia watunzi sita na barua moja ya maoni, neno kwa neno, nikasema huyu mtaalamu lazima nimwonjeshe friji."

Mwosha huoshwa, na Wendell aliisikia baridi ya maji hayo mpaka kwenye mifupa. Alifungua kinywa amtukane. Matusi yalikuwepo, ya kutosha, ila kuna jambo lilikuwa limemkaba zaidi.

"Mama, usikate simu."

"Nini tena?"

"Ule mwisho. Ulikaaje?"

"Ulikata sawasawa," alisema Bi Lurleen. "Kwa kweli, ulinipendeza."

Wendell akageukia ukutani ili watu wa matairi wasimwone macho.

"Ninacho kingine," akasema. "Nikutumie leo?"