Malalamiko Dhidi ya Somo la Muhogo Mchungu

Chanzuru, Kilosa.

Ndugu Bibi Shamba Letisia,

Marahaba. Najua ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa.

Mimi ni Vitalis, yule mzee aliyekaa mbele kwenye mkutano wako, akiitikia kwa kichwa kila neno. Ulitufundisha kwamba mmea hauna miguu ya kukimbia. Kwa vizazi na vizazi mimea iliyo laini ililiwa kabla ya kuacha mbegu, ikabaki yenye miiba, utomvu na uchungu. Nilielewa. Tatizo ni kwamba nilielewa kupita kiasi, na sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Niling'oa muhogo mtamu wote nikapanda mchungu, ili nguruwe pori watokao upande wa Mikumi wasitie mdomo. Kweli hawakutia. Lakini Magdalena, mke wangu, anamenya, analoweka ili sumu itoke, anaanika na kutwanga mpaka mikono imemchubuka, ndipo tupate ugali. Muhogo umejilinda, gharama analipa yeye, maneno nayapata mimi.

2. Nikaona kinachofaa shambani kitafaa na nyumbani, nikaizungushia nyumba michongoma. Mwizi bado hajafika. Aliyechanika suruali ya kanisani ni mimi, na Magdalena akanikumbusha kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

3. Kisha nikautia uchungu ulimi. Jirani yangu Sironga, mfugaji, alikuwa akimletea mjukuu wangu maziwa kila asubuhi. Nilimwambia ng'ombe wake wanalimezea mate shamba langu, na mbwa wake wanaolala mpakani ni majasusi. Juzi akahamisha boma lake ng'ambo ya mto. Mtoto analilia maziwa, na mimi, nisifiche, namlilia Sironga. Hata nilipoita watu waje kunisaidia kupalilia, nilifika peke yangu.

4. Ulisema pia kwamba mmea unaomaliza chakula chake kutengeneza miiba hubaki mfupi. Lakini ulilisema mwishoni, tumeshaanza kuinuka! Jambo zito namna hiyo, Bibi Shamba, husemwa mwanzoni. Nimedumaa.

Kwa hiyo naomba serikali inipatie muhogo unaomtambua mwenyewe: mtamu kwangu, mchungu kwa nguruwe. Na wataalamu wakipata nafasi, wanirekebishe na mimi humohumo.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule kijana aliyesinzia mkutano mzima. Yeye somo halikumdhuru.

Ni mimi, mwanafunzi wako mwenye miiba,
Vitalis

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, Magdalena amerudi kutoka shambani. Nguruwe wamelifyeka usiku. Ameonja kipande walichobakiza: mtamu! Mbegu niliyopewa haikuwa ya mchungu hata kidogo. Tumekuwa tukiuloweka muhogo mtamu bure, kwa kuogopa sumu isiyokuwepo. Waliokuwa wakiwazuia nguruwe ni mbwa wa Sironga, waliohama naye. Tafadhali futa malalamiko yote. Navuka mto sasa hivi kumwomba msamaha. Namjua, atanipa maziwa kabla sijafungua mdomo, na hapo ndipo nitakaposhindwa kusema.