Mbizi Thelathini za Mwalimu Bisimwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimetukanwa. Tena kwa karatasi! Jasper, meneja wa bwawa la kuogelea hapa Bukoto ambako nimefundisha watu kupiga mbizi miaka kumi na mmoja, amenikabidhi barua ya chama cha wapiga mbizi. Ati viwango vimebadilika. Ati kuanzia mwezi ujao, mwalimu asiye na kadi mpya asimguse mwanafunzi. Nikamwonyesha cheti changu cha mwaka 2008, nilichopewa na Mbelgiji aliyenifundisha kwetu Bukavu siku mbili nzima. Kina picha ya samaki na kimepigwa plastiki. Jasper akakitazama kama karatasi ya kufungia karanga.

Viwango vyenyewe ni vituko. Mwalimu awe amepiga mbizi thelathini ziwani au baharini. Kila mbizi iandikwe kitabuni: kina, muda, alichoona, na sahihi ya mtu aliyekuwa naye chini ya maji. Bwawa halihesabiwi. Kwa nini lisihesabiwe? Kwani maji ya bwawa ni uji?

Naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu: ziwani sijawahi kushuka. Hata Mbelgiji alinifundishia kwenye bwawa la hoteli. Ziwa lina matope, lina konokono wa kichocho, lina giza. Mtu mwenye akili zake afuate nini huko?

Linaloniuma ni darasa la Jumamosi. Wanafunzi wangu sita, wanaotaka kazi kwenye vizimba vya samaki ziwani, watapewa mwenye kadi mpya. Na mwenye kadi mpya ni mmoja tu. Shakib! Shakib niliyemfundisha mimi mwenyewe kuvaa mapezi, tena akiyavaa kinyume! Ukutani pale bwawani kuna kibao chekundu: MWALIMU BISIMWA. Kikitolewa kile, mimi ni nani hapa mtaani kwetu Kamwokya? Mkimbizi mwenye kitambi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepiga mbizi kumi na nne kabla ya saa nne asubuhi. Mezani, kwa kalamu ya bluu na nyeusi kwa zamu, ili zisionekane za siku moja. Kwenye safu ya alichoona nimefuata kitabu cha mafunzo alichoniachia Mbelgiji: kasa, matumbawe, papa mdogo. Mama Heritier, mke wangu, akachungulia begani akauliza tangu lini ziwa letu likawa na kasa. Nikafuta, nikaandika sangara. Mbizi ya kumi nikaandika kiboko, kusudi mkaguzi wa chama asichoke kusoma.

Tatizo ni sahihi. Nikaenda dukani kwa akina Shakib, wale Waislamu wa tangu zamani ambao babu yao alikuja na biashara kutoka pwani. Akanipokea vizuri mno. Chai ya tangawizi, kaimati, Mwalimu karibu, Mwalimu kaa hapa penye upepo. Nikamsukumia kitabu. Akakisoma chote, akakifunga kwa mikono miwili, akasema anisamehe, lakini hajawahi kuniona ziwani hata siku moja, na sahihi ni amana. Kisha akajitolea kunipeleka mwenyewe, tuanzie maji ya magotini, polepole.

Magotini! Mimi! Adabu yake ndiyo inayoniudhi. Angenitukana ningejua pa kumshika. Kaimati nimekula saba kwa hasira.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Nimepata mashahidi thelathini kwa mchana mmoja.

Nilikuwa nimekaa kwenye mazoezi ya kwaya, nikisikiliza sauti ya tatu inavyopotea, ndipo nikakumbuka. Kanisa letu hubatiza kwa maji mengi. Mwaka 2017 Pasta alitupeleka ziwani kule Ggaba, kwaya nzima, akatuzamisha wote siku moja. Ziwani! Chini ya maji! Pamoja nami! Ni kweli walizama mmoja mmoja, lakini miguu yangu ilikuwa majini muda wote. Kwani miguu yangu si mimi?

Yaya Esperance, dada mkubwa wetu sote na kiongozi wa kwaya, akauliza kama hii si dhambi. Nikamweleza kwamba kitabu kinauliza tu nani alikuwa majini na Bisimwa. Akafikiri wimbo mzima. Akasema sawa, ila kila mmoja aandike kwa mkono wake, ukweli mtupu, na mimi nikae mbali nisiwasimamie. Nikakubali upesi. Nikawapa kitabu kipya. Kile cha kiboko nimekificha chini ya godoro.

Kimerudi kimejaa. Mbizi thelathini, sahihi thelathini! Sijakisoma. Nikisome cha nini? Hao ni watu waliookoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Laiti ningekisoma.

Mkaguzi wa chama amekuja bwawani. Anaitwa Madamu Nusura, mwanamke mfupi asiye na tabasamu hata la akiba. Wanafunzi wangu sita wamekaa ukingoni, Jasper yupo, Shakib yupo na kadi yake shingoni. Madamu akafungua kitabu akaanza kusoma kwa sauti. Nani alimwomba asome kwa sauti?

Mbizi ya kwanza. Kina: kiunoni. Muda: mpaka Pasta aliposema Amina. Mbizi ya tano. Alichoona: nuru. Mbizi ya tisa. Vifaa: kanzu nyeupe na imani. Akafika ya kumi na saba, mwandiko wa Yaya Esperance mwenyewe, ulionyooka kama rula: Ndugu Bisimwa alikunywa maji, akamng'ang'ania Pasta shingoni, wazee wawili wakawatoa wote.

Jasper akakumbuka kazi ofisini. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa.

Madamu Nusura hakucheka. Akasema kwamba mwaka jana mtu mmoja mwenye cheti cha bwawani alishuka kukagua nyavu za kizimba, na hakupanda tena. Ndiyo maana viwango vimebadilika. Nikasema kwa ukali, na hilo linanihusu nini? Nilitaka kuuliza alifundishwa na nani. Sikuuliza.

Akasema nije ziwani Jumamosi. Niogelee mita mia mbili bila kupumzika, kisha nishuke mita tano pamoja na Shakib. Nikiweza, nitapewa miezi sita nikusanye mbizi thelathini za kweli. Nisipoweza, kibao kinatoka ukutani. Kupimwa mbele ya wanafunzi wangu, jamani, banange! Hata mwizi hupewa wakili.

Ijumaa, 12 Septemba

Shakib amepiga simu. Mwalimu, punguza uzito wa ule mkanda wa vyuma wa kuzamia, maji ya chumvi humbeba mtu zaidi kuliko maji ya ziwani, na kile kitabu chako cha Mbelgiji kinahesabu uzito wa baharini. Mwalimu, hakikisha kifungo cha mkanda kinafunguka kwa mkono mmoja, hicho nacho ni kiwango kipya. Mwalimu hivi, Mwalimu vile! Nikamwambia maji ni maji, nikakata.

Kitabu kinasema kilo kumi. Nimetia kumi na mbili. Mbili za heshima. Kifungo kilivunjika tangu Aprili, kwa hiyo nimefunga mkanda kwa kipande cha kitenge. Fundo mara mbili. Kitenge ni cha Mama Heritier, kile kipya cha harusi ya dada yake. Atakigundua siku nyingine.

Mama Heritier ameniuliza kama nimefanya mazoezi. Nikamjibu kwamba mwalimu hafanyi mazoezi, mwalimu anafundisha. Akasema Papa Heritier, usiende. Moyo unanidunda. Ni sombe ya mchana, kile kisamvu chetu, nilikula nyingi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mita mia mbili nimezimaliza. Nusu yake kwa miguu, maana ukingoni pale maji ni mafupi. Madamu Nusura aliona, akasema inatosha, tunaishia hapo. Wanafunzi wangu sita walikuwa wamepanga mstari kwenye gati wakinitazama. Mbele yao siishii hapo mimi! Nikajivika mtungi wa hewa, nikafunga mkanda wangu, nikaruka kabla mtu hajanishika.

Sikushuka. Nilianguka. Nilisimama kwenye matope yaliyonifika magotini, nikaweka mkono mbele ya miwani na sikuuona. Giza la chai. Nikavuta hewa mbio mbio, na kila nilivyovuta ndivyo ilivyozidi kupungua. Miaka kumi na mmoja nimewaambia watu: ukizidiwa, fungua mkanda. Nikalitafuta fundo. Kitenge kikilowa kinakuwa chuma. Nikakivuta kwa kucha, nikamwita Mama Heritier na mpira wa hewa ukiwa mdomoni. Niliogopa. Naliandika mara moja na silirudii: niliogopa kufa.

Mkono ukanishika bega. Shakib. Alitoa kisu, akakata kitenge, akanipandisha taratibu huku amenikumbatia kama mzigo wa mayai.

Juu gatini nilitapika kwenye viatu vya Madamu. Pitshou, mmoja wa wanafunzi wangu, akainama akaniuliza kwa heshima zote: Mwalimu, si ulisema tufungue mkanda? Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniua.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani Yaya Esperance amesimama akamshukuru Mungu kwa kunitoa ziwani kwa mara ya pili. Kwaya ikapiga vigelegele. Sasa Kamwokya yote inajua, mpaka muuza chapati.

Alasiri Shakib amekuja nyumbani, na mkanda wenye kifungo kipya kwenye mfuko wa karatasi. Mama Heritier akamshika mikono yote miwili, akalia, akamwita mwanangu. Kuhusu kitenge hajasema neno, na hilo linanitisha kuliko ziwa. Shakib akasema kibao kinatoka kesho, amejaribu kumsihi Jasper, imeshindikana. Ila darasa linaanza upya Jumamosi, kwa kila mtu, kuanzia magotini, na anaomba nije niketi na wale sita. Ataendelea kuniita Mwalimu.

Machozi yalinitoka. Nikasema nitakuja. Nikasema nimekoma, ziwa limenifundisha adabu, kiburi changu kimebaki kwenye matope yale. Shakib naye akafuta macho.

Ndipo nikamwomba kitu kimoja kidogo. Jana, alishuka pamoja nami au hakushuka? Alishuka. Ziwani? Ziwani. Kina? Akasema mita tano na nusu. Nikaleta kitabu kingine, kitupu. Sahihi ni amana, na Shakib hasemi uongo. Alitia sahihi polepole sana. Mama Heritier aliangalia dari.

Safu zilizobaki nimezijaza mwenyewe baada ya yeye kuondoka:

Mbizi ya kwanza. Muda: dakika nne. Alichoona: hakuna. Kusudi la mbizi: kumpima Shakib, mwanafunzi wangu wa zamani, katika uokoaji. Matokeo: amefaulu.

Zimebaki ishirini na tisa. Mama Heritier amefungia vitenge vyake vyote kabatini, na ufunguo amevaa shingoni.