Kamongo Wangu na Mabati ya Pelagia

Jumatano, 2 Februari 1977. Murangi.
Leo nimekuwa mfanyabiashara. Wanunuzi wa Migori wanaokuja na lori hawataki samaki wa sato wala furu. Wanataka kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, mkavu, wa moshi. Kule Kenya anagombaniwa! Masatu, katibu wa kikundi chetu cha ujamaa cha uvuvi, alikuwa na magunia manne. Nimeyachukua yote kwa mabati ya mke wangu Pelagia, aliyoyapata kwa jasho la pamba. Lori likija Jumamosi, nitapata mabati mara mbili. Pelagia kaniuliza nyumba ataiezeka na nini. Nimemwambia atulie. Hana jicho la biashara.

Jumamosi, 5 Februari.
Lori halikuja. Redio ya Masatu imesema mpaka wa Kenya umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, na kamongo wangu wamo! Wakubwa hawakuniuliza. Masatu kacheka mpaka kashika mbavu. Wivu tu.

Alhamisi, 10 Februari. Bunda.
Akili mpya. Wakulima wa pamba wako mbali na ziwa, watanunua chochote chenye harufu yake. Kondakta kayapandisha magunia juu ya basi, kuku wa abiria mwingine wakakaa ndani. Sokoni wanawake wakayapitia mbali. Kumbe kwao ni mwiko: mwanamke hali kamongo, hampiki, wala haazimishi sufuria ya kumpikia. Nilisahauje? Pelagia mwenyewe tangu nimuoe hajamgusa! Wanaume walimeza mate, lakini kila mmoja aliuliza nani atampikia. Shemeji yangu Wankyo, wa Kabasa, kanikaribisha vizuri sana. Magunia yamelala nje.

Jumapili, 20 Februari. Murangi.
Mvua. Nyasi za paa zimeoza. Tumehamisha kitanda huku na huku, maji yanatufuata. Pembe pekee iliyo kavu wamekaa kamongo. Pelagia kasimama na beseni, hakupiga kelele.
"Baba Getruda," kasema, "mvua haisikilizagi redio."
Nimeona aibu. Nilitaka kulia, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Ijumaa, 25 Februari.
Mungu mkubwa! Wanaume wa vijiji vya jirani wamepiga kambi kuchimba mtaro wa maji. Wanaume tupu, wanajipikia wenyewe! Masatu anatafuta kitoweo cha kuwalisha. Kachukua magunia yote, kanirudishia mabati yote. Nimeapa mbele ya Pelagia: biashara basi. Fundi atakuja Jumatano, tuezeke. Pelagia kanipikia sato wa nazi ya dukani, akaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana. Nimefurahi sana.

Jumanne, 1 Machi.
Mvua imeujaza mtaro, kambi imevunjwa. Masatu kabaki na magunia mawili ya kamongo. Kanifuata mwenyewe, mpole kabisa. Kasema kasikia wakubwa wanakutana na mpaka utafunguliwa Jumamosi. Kaniomba nimsaidie kuondoa mzigo, yeye atachukua mabati tu.
Maskini Masatu! Hajui anachokikosa. Nimembebea mabati mpaka kwake, asije akabadili mawazo. Fundi nimemwambia asubiri kidogo. Pelagia yuko ziwani anafua, hajui bado.
Mawingu yanakuja. Magunia nimeyaweka mahali pakavu, kitandani, upande wa Pelagia.