Wanafunzi Wako Wamekataa Kutoroka

Free Area, Nakuru

Kwako Daktari Jepleting, Mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Umeme,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi wa spika na amplifaya. Chuo sikukanyaga, nilifunzwa na umeme wenyewe, kwa kunirusha.

Kwa miaka kumi na moja tulisaidiana bila kujuana. Kila mwaka ulipokea wanafunzi arobaini, ukawaandikia hesabu za mawimbi ubaoni mwaka mzima bila kuwaonyesha hata waya, na kufikia Krismasi kumi na wanne walikuwa wametoroka. Watatu kati yao walikuja kwangu. Hao ndio walikuwa mafundi wangu.

Sasa nasikia kila mwanafunzi anapewa bodi ndogo ya umeme ya kuchuja sauti, aishike mwenyewe tangu wiki ya kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka huu wametoroka wawili tu. Mmoja yuko jeshini Gilgil, mwingine anauza mahindi Rongai na hapokei simu zangu.

2. Kimeli, fundi wangu wa mwisho, aliyetoroka vizuri kabisa na kukaa kwangu miezi minane, alionyeshwa bodi hiyo na mwenzake. Akaniambia, "Fundi, kumbe zile hesabu ziko na sauti!" Jumatatu akarudi chuo. Sasa sina hata mmoja.

3. Hili ndilo linaniuma. Spika za kanisa letu hupiga mluzi mhubiri akisogea, kwa hivyo mimi huketi mbele kila Jumapili, mkono kwenye amplifaya, na wazee hunisalimu kwanza. Jumapili iliyopita Kimeli alichomeka bodi yake. Mluzi ukaisha. Nikapelekwa viti vya nyuma, na kwa mara ya kwanza nikasikia mahubiri yote. Yalinihusu.

Kwa hivyo naomba urudishe chaki. Nimepiga hesabu: mihula miwili bila vifaa, nitapata watatu wangu. Ukiona ni vigumu, zifungie bodi kabatini na upoteze ufunguo, vile ofisi nyingi hufanya na vifaa vipya.

Nisalimie walimu wote na askari wa geti. Kimeli mwambie aproni yake bado iko kwenye msumari.

Ni mimi, mwenye mikono iliyoungua,
Joash Makokha

N.B. Binti yangu Celestine alikuwa ameapa hatasikia tena neno fizikia. Kimeli alimwachia bodi juzi. Tangu hapo sukuma wiki imemuungulia jikoni mara mbili. Tafadhali nitumie fomu ya kujiunga. Tuma mbili. Nina miaka hamsini na miwili, lakini mimi sitatoroka.