Nyumba Yenye Kibao Hailaliwi

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba jiji letu, ambalo kwa miaka mingi lilichekwa kwa uhaba wa watu mashuhuri, sasa linao wa kutosha na ziada inabaki. Kazi hiyo imefanywa na Idara ya Makazi ya Zamani ya Watu Mashuhuri, ambayo mimi ndiye mkuu wake. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu wengine hawasemi.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Tukishathibitisha kwamba mtu mashuhuri aliwahi kuishi katika nyumba fulani, fundi wetu anakwenda na drili yake, anapachika kibao cha shaba ukutani. Hapo inaanza kazi Kanuni ya Saba, niliyoitunga mwenyewe nikiwa kwa kinyozi: nyumba yenye kibao hailaliwi. Usingizi wa watu wa kawaida unachakaza historia, na yeyote aliyewahi kuona godoro la zamani anajua ninachosema. Wakazi wanapewa mpaka jioni wahamie kwa ndugu zao, kisha mlangoni tunafunga kamba nyekundu na kusimamisha askari. Malalamiko yapo, sikatai. Lakini upembuzi yakinifu umeonyesha kwamba undugu jijini umeongezeka sana. Kuna vyumba viwili huko bondeni ambavyo sasa vina undugu mpaka barazani.

Kwa mtindo huo tumemuenzi mwenyekiti wa kamati ya kupunguza kamati, bwana aliyefunga barabara kuu kwa ajili ya harusi yake, na daktari wa meno wa Naibu Meya. Hoteli zote kubwa nazo tulishazifunga, maana watu mashuhuri hawakosi kulala hotelini. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa mpaka Mheshimiwa Meya alipokumbuka ujana wake.

Aliukumbuka kikaoni, mbele ya wajumbe, machozi yakimlengalenga. Alisema hapo zamani alikuwa kijana asiye na mbele wala nyuma, amepanga chumba cha uani kwa mama mmoja fundi cherehani, na mama yule alimlea kama mwanawe wa kumzaa. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuwashinda. Kisha akautaja mtaa, akaitaja nyumba ya kona yenye mlango wa bluu, na mikono yangu ikafa ganzi hewani. Ile ni nyumba ya mama mkwe wangu.

Naomba nieleweke. Mama mkwe namheshimu sana, na heshima yetu imedumu kwa sababu yeye anakaa kwake nami nakaa kwangu. Ana cherehani ya miguu inayoanza kelele kabla hakujapambazuka, wateja wanaopimwa sebuleni, na maoni kuhusu kila kitu. Ndugu yake pekee mwenye chumba cha ziada ni binti yake, na huyo binti yake ni mke wangu. Hesabu hiyo niliipiga palepale, makofi ya wenzangu yakiendelea.

Nilikwenda kumpa taarifa nikiwa nimevaa tai, ili aelewe kwamba nimekuja kiserikali. Alinisogezea stuli, akaendelea kushona upindo wa gauni la mteja. Nikamsomea Kanuni ya Saba yote, pamoja na viambatisho. Aliuliza tu kama cherehani nayo ihame. Nikamjibu kwamba cherehani itabaki kama sehemu ya mandhari. Hapo mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Mkwe wangu," alisema, "nyumba hii imejengwa na huu mguu wangu wa kulia. Nimesomesha watoto humu, mmoja nimekupa wewe. Sasa nitoke kwa sababu kijana wa mafuta ya nywele alilala humu akaniachia doa ukutani?"

"Mama, si mimi. Ni kanuni."

"Imetungwa na nani?"

Nikamwambia kwamba suala hilo liko nje ya ajenda.

Akaangalia kuta, akaangalia mlango, uso umemshuka, na macho yake yakawa na maji. Nakiri roho iliniuma, ingawa si kwa kiwango cha kuathiri utekelezaji. Baadaye akauliza kama kanuni inamhusu kila mtu, au kuna wakubwa haiwagusi. Nikajibu kwa fahari kwamba haina msamaha kwa yeyote, na anayeng'oa kibao anakwenda jela moja kwa moja. Kipengele hicho alikipigania Mheshimiwa Meya mwenyewe.

"Basi vizuri," akasema, mguu ukarudi kazini. "Mlete huyo mwanangu nimwone."

Mheshimiwa alikuja na msafara. Magari yalikwama mdomoni mwa uchochoro, ikabidi ashuke na kuruka mtaro wa maji machafu huku ameshika suruali kwa mikono miwili. Mama mkwe akampokea kwa vifijo, akamwita Kimafuta, jina lake la zamani, na Mheshimiwa akatabasamu mpaka gego likaonekana. Wakaenda wote uani kutazama ukuta. Fundi wetu alikuwa ameshaweka alama ya chaki.

Mama mkwe aliitazama ile alama akatikisa kichwa. "Mwanangu, mtu wa hadhi yako unawekwa uani? Huku wanaopita ni mimi, muuza maji na mbuzi wa jirani. Una jumba lako barabara kuu, magari yanapita mchana kutwa, wageni wanasimama wanapiga picha. Au kule wamekunyima?"

"Aninyime nani?" Mheshimiwa akauliza, sauti imebadilika.

Kwa uaminifu wa kazi nikaingilia kati. Nikaeleza kwamba idara yetu inashughulikia makazi ya zamani, na katika jumba lile Mheshimiwa bado anaishi. Alinitazama kama nzi aliyeingia kwenye chai yake. Akaniuliza kama jana si zamani, maana jana alikuwa anaishi pale. Suala likapelekwa kwenye Kamati Ndogo ya Tafsiri, ambayo ni mimi, na kamati ikaafiki papo hapo kwamba jana ni zamani. Na kwa kuwa mtu mmoja ana haki ya kibao kimoja, ile alama ya chaki ikafutwa kwa kitambaa cha mama mkwe. Wakati natoka aliniweka tai sawa, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nimuoe binti yake.

Nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimuuliza kulikoni, akasema nile kwanza.

Uzinduzi ulifana. Bendi ilipiga, kibao kilikuwa kikubwa kuliko mlango, Mheshimiwa alihutubia mpaka bendi ikasinzia. Jua lilipoanza kuzama alielekea ndani akapumzike, akakuta kamba nyekundu na askari wetu, kijana makini niliyemfunza kwa mikono yangu.

"Samahani, Mheshimiwa. Nyumba yenye kibao hailaliwi."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Jina lako si hilo ukutani?"

Niliitwa mbio. Nikamkumbusha kwamba kibao haking'olewi, na kwamba kanuni inabadilishwa na kikao cha baraza zima. Kikao kinachohusu nyumba ya Meya kinaitishwa na Naibu Meya. Naibu alipopigiwa simu alisema mambo ya historia hayataki papara, kisha akauliza funguo za ofisi kubwa zinakaa wapi. Ndugu za Mheshimiwa nao, kwa bahati mbaya, wote walikuwa safarini, hata shangazi yake ambaye hajawahi kutoka mtaani kwake.

Kimebaki chumba cha uani. Mama mkwe amempokea kwa roho safi, kwa masharti kwamba afagie uwanja asubuhi na atoke nje wateja wanapopimwa. Katika wiki ya kwanza Mheshimiwa aliruka mtaro kila siku. Wiki ya pili mtaro ukafunikwa kwa zege na uchochoro ukawekwa taa, baada ya wakazi kuomba tangu cherehani ikiwa mpya. Wataalamu wangu bado hawajabaini chanzo.

Nami sijasahaulika. Jana Naibu Meya, ambaye sasa anakaimu, alinipongeza mbele ya watu kwa mchango wangu uliotukuka, akanitangaza rasmi kuwa mtu mashuhuri. Nilishindwa kujizuia, nililia. Wakati naandika haya, drili inanguruma ukutani kwangu na mke wangu anafunga mizigo huku akiimba.

Mama mkwe ametuma salamu. Binti yake na wajukuu watalala naye chumba cha mbele. Mimi nimetandikiwa godoro chumba cha uani, kando ya Mheshimiwa, ambaye anakoroma lakini amekuwa hodari wa kufagia. Kesho ni zamu yangu. Mama mkwe anasema nije bila tai.